Upepo Ukigeuka

Saa tisa mchana ziwa bado linapuliza kuja juu,
kwa hiyo siwashi.
Moshi wangu ungepanda mawe haya ya Mabatini
hadi dirishani kwa Bi Zamda,
anayeanika mkeka wake wa kuswalia kwenye waya
wenye msumari mmoja kwangu, mmoja kwake.

Nafanya kwanza kazi ya kisu.
Mbavu nimezitoa Igogo, kwa Lukonge, upande mzima.
Mgongoni mwake pana utando mwembamba, unang'aa
kama karatasi ya sabuni.
Wengi huuacha, kisha wanailaumu nyama.
Naupenyezea ncha ya kisu, naushika kwa kitambaa kikavu,
navuta. Unatoka wote kwa mlio
wa plasta inayobanduliwa kwenye kidonda kilichopona.

Chumvi. Ndimu tatu. Tangawizi na saumu, kinuni.
Asali ya Tabora, iliyobaki chini ya chupa,
naisuuza kwa maji ya moto ili nisiiache hata tone.
Halafu naketi.

Miaka sita nilichoma baa moja ya Kirumba.
Watu wanagonga meza kwa vizibo vya bia:
"Lushinge, bado tu?"
Nikawa natosa nyama kwenye mafuta yanayochemka,
inanuna, inajikunja, naificha chini ya kachumbari.
Sijui nina deni la meno mangapi mjini humu.

"Lushinge! Umegeuka!"
Hasemi upepo. Hana haja.
Pazia lake, lililovimba ndani mchana kutwa,
sasa limefyonzwa nje ya nondo
na linaelekeza ziwani.

Naanza na jiko dogo, lenye wavu usiomjua nguruwe.
Hapo sato wake, chale tatu kila ubavu.
Nampelekea kwa mikono niliyoiosha mara mbili.
Hakagui. Ananiuliza tu kama nimekumbuka pilipili.

Ndipo pipa langu nusu, mkaa wa Sengerema,
ule mzito unaolia kama kigae ukiugonga.
Nauacha uwake, ujisifu, uchoke, uvae majivu.
Nausukuma wote kushoto.
Mbavu kulia, mbali na ghadhabu,
na juu yake karai la zege lililostaafu.

Naweka kiganja juu ya wavu, nahesabu.
Nikikiondoa kwenye nne, moto una kiburi.
Nikifika nane, tunaelewana.

Moshi unashuka mlima, unapita mabati ya watu,
unavuka reli, unaingia majini
ambako hakuna wa kuukwaza ila korongo.
Sifunui. Kila ukifunua unaanza upya;
hilo nilifundishwa na mbavu nilizoziharibu.
Mara moja tu, kuzinyunyizia ndimu na maji
kwa kifuniko cha chupa nilichokitoboa.

Saa mbili na nusu mifupa imeanza kuchungulia,
nyama imerudi nyuma kiasi cha ukucha.
Nasikia lango. Nkwimba, kutoka wodini Bugando,
anapanda ngazi za mawe akipumzika kwenye ile ya tisa
kama kawaida. Leo anapumzika na kwenye ya kumi na mbili.

Simuulizi ni nani aliyefariki.
Namwekea kiti upande usio na moshi,
sahani ya bati, ugali, chumvi pembeni.

Anashika mfupa kwa vidole viwili, anavuta.
Unatoka peke yake, mweupe,
bila ugomvi.
Anautazama kidogo, kama mtu aliyetegemea kushindana.

Halafu anasukuma kiatu kimoja kwa kisigino cha kingine.
Kikidondoka, nafunika karai tena.
Bado kuna nusu upande,
na pazia la jirani bado linaelekeza ziwani.